Bambo Lililotoboa Mifuko Yako

Zawadi mwanangu,

Nakuandikia nina hasira, kwa hiyo mwandiko wangu usiucheke. Ungekuwepo ungesema, "Anko, kaa kwanza, kunywa maji." Sikai!

Wanasema mfuko wako haufai. Wewe uliyehangaika na katani, ukaibandika kwa ndani karatasi ya wanga wa muhogo yenye nta, mpaka hewa ikakosa pa kupita, fukusi akifungiwa humo anakufa mwenyewe bila dawa. Na mfuko ukichakaa unaufukia shambani, unaoza. Jiko langu hapa Kipawa lilinuka nta mpaka paka akahama. Leo haufai!

Ulipotutoka, mwenye ghala wa Temeke alipakia kontena la maharage kwenda Ngazija, yote kwenye mifuko yako. Kumbe madalali walishapita na bambo, lile bomba lao lenye ncha, wakachoma kila mfuko wachungulie maharage, kama walivyozoea kuchoma viroba vya plastiki. Chwa! Chwa! Na wewe uliwashonea kidomo pembeni, cha kufungua na kufunga. Uliwaambia, "Jamani, mkiuchoma mmeniulia kazi." Hewa ikaingia. Maharage yamefika yanatembea kwa fukusi.

Sasa mwenye ghala anarudi kwenye plastiki, na anawatangazia watu, "Yule binti alituingiza mkenge." Anajua marehemu hajibu!

Nikamfuata. Mie, niliyemtimua simba Kisarawe kwa kofia tu, nikamwambia kosa ni bambo. Akacheka. "Mzee, na hiyo ni kama ya simba wako?" Ghala zima likaangua kicheko. Zawadi... niligeuka nikatoka. Mie!

Nikarudi nyumbani, nikauchukua ule mfuko ulionijazia mwenyewe, ule ulio chini ya kitanda, ambao bambo halijaugusa. Nikaubeba begani kutoka Kipawa hadi Temeke kwa miguu. Haya, bajaji ilinisaidia kidogo. Nikaufungua kidomo mbele yao wote. Maharage yakamwagika safi, yanang'aa kama siku uliyoyatia. Na unajua dalali mmoja alifanya nini? Akachomoa bambo, eti ahakikishe na ya chini! Nilimnyang'anya kabla hajainama.

Mwenye ghala anasema atajaribu tena, kontena moja. Jina lako hajalisafisha kwa mdomo wake, na mie sijamsamehe. Bambo ninalo, silirudishi. Siku ya kupakia nitasimama mlangoni mwa ghala, nakuahidi, na atakayetaka kuyaona maharage atafungua kidomo kwa vidole vyake, kama ulivyomfundisha. Na nitamngoja mwenye ghala alitamke jina lako vizuri, mbele ya walewale waliocheka.

Pumzika, mama. Najua ungeniuliza, kama ulivyozoea, "Anko, leo simba walikuwa wangapi?"

Hakuna, mwanangu. Safari hii ni maharage tu, na wote wameyaona.

Mjomba wako,
Shomari