Safari ya Nta ya Mnyambe

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, mama yako amepona mguu, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza babu yako alipangaje safari za biashara enzi za Mjerumani. Nakumbuka moja, vita vya Maji Maji vilipokwisha. Alikuwa apande Newala kununua nta. Wapagazi wamekusanyika hapa Masasi, mizigo ya chumvi imefungwa. Mimi, bibi harusi mgeni, nikauliza tu, "Mtalala wapi?"

"Mnyambe, kwa rafiki yangu Nandonde. Atatupa chakula na maji kama siku zote."

"Tangu vita, nani amemwona?"

 Akawaambia wapagazi wapunguze chumvi, wafunge mtama.

Walimkuta Nandonde hai, lakini ghala lake limechomwa moto na watoto wamekonda. Alipouona mtama alikaa chini akalia. Kesho yake aliwapeleka mwenyewe bondeni kwenye maji, na nta akawatafutia.

Mpaka leo sijui swali lile lilinitoka wapi. Nawe huko Tabora unakotumwa kununua asali, nani atakupokea? Wanawe wazima? Niandikie jina lake, nimwombee pia.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahawa