Tikiti la Sawako

Kakegawa, 18 Juni

Shemeji yangu Fumie,

Mvua zimeanza, na najua magoti yako hayazipendi. U mzima? Bado unapanda ngazi mwenyewe? Mimi nasema sijambo kwa mazoea tu. Madaktari wameacha kunipima, siku hizi wananiuliza kama nimelala vizuri. Mkono unatetemeka, kwa hiyo uvumilie mwandiko wa mwalimu aliyewagombeza watoto wa watu kwa mwandiko mbaya.

Nakuandikia kuhusu tikiti la dada yako. Kila mwaka tukikutana kaburini unasema kwamba angalau Sawako alilionja kabla ya kufa. Nami naitikia kwa kichwa. Sasa nisikilize.

Unajua usichana wake uliishia kwenye nyumba za vioo za Fukuroi, yanakolimwa matikiti ya fahari ya kupeana zawadi, akikata matikiti machanga ili kila mche ubaki na tunda moja tu, akilifuta hilo moja kwa kitambaa kama uso wa mtoto. Hakuwahi kupewa hata kipande. Alipolazwa akalitamani. Ukatuma yeni elfu kumi za mshahara wako wa kiwandani, na juu ya bahasha ukaandika, "Shemeji, usiniletee ubahili wako wa kimwalimu. Nunua lile lenyewe!"

Nilienda dukani, nikalikuta limekaa ndani ya sanduku kama bwana harusi. Nikaiona bei. Nikajiambia maji na sukari ni maji na sukari tu, popote yanapouzwa. Nikanunua la kawaida la shambani, kwa bei ya mabakuli mawili ya tambi. Sanduku nililiokota kwenye taka za wodi, lilikuwa la tikiti aliloletewa Bi Natsume wa kitanda cha jirani. Tikiti la fahari huuzwa na kikonyo chake, mfano wa herufi T. Nacho nilikiokota humo humo, nikakibandika kwa punje za wali. Pesa iliyobaki nilinunulia kamusi.

Sawako alilipokea kwa mikono miwili, akalizungusha polepole. Alikula vipande viwili, akacheka, akasema, "Mwalimu, leo umejikaza kweli!" Akaagiza Bi Natsume apelekewe kipande, na yule mama akapaza sauti wodi nzima isikie kwamba lake halikufikia utamu huu. Nikaona nimeshinda hoja.

Siku ya nne alifariki. Nilipokusanya vitu vyake, nilikuta kile kikonyo mfukoni mwa nguo yake ya kulalia, kimekunjwa ndani ya karatasi laini, punje ya wali imekaukia chini yake. Alijua, Fumie. Mikono ile isingedanganyika. Alijua, akala, akanisifu.

Miaka arobaini na sita nimeishi kwa kujiambia kwamba hakukosa kitu, kwamba lile la dukani lisingekuwa na ladha nyingine. Hata darasani niliwafundisha watoto kwamba bei ni ya sanduku. Na sikuwahi kulionja. Kila nilipoletewa nilisema linanisumbua tumbo.

Juzi Kuramochi, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniletea moja. Nikatoa udhuru wangu. Akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, tumbo gani tena unalilinda?" Akanilisha kwa kijiko.

Si sawa, shemeji. Si sawa hata kidogo. Nilijua kabla sijameza. Linayeyuka lenyewe, na harufu yake inabaki kooni wakati tunda limeshakwisha. Lilistahili kila yeni. Kuramochi alidhani ninalia kwa shukrani, nikamwacha adhani hivyo. Lililobaki nimewapa wauguzi.

Sikuombi msamaha. Wa kuombwa ni yeye, na huko ninakokwenda siamini kwamba kuna mtu ananisubiri. Najua pia kwamba nimekunyang'anya neno lililokuwa likikufariji, na sina la kuweka mahali pake.

Nisalimie wanao na wajukuu, na ujifunike vizuri hadi mvua zipite. Usihangaike kuja. Kuramochi atakupigia simu ikifika siku yenyewe.

Ukienda kaburini mwaka huu, nakusihi, usimwambie kwamba mimi nimelionja.

Shemeji yako,
Teiji Okabe