Fundi Aliyeiambia Mahakama "Njoo Ijumaa"

Mshauri wangu, pokea salamu, na ukishazipokea nisaidie haraka, maana nimefika mahali sindano naishika lakini uzi hauingii. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni na sare za shule, na miaka tisa iliyopita benki ilinipa kadi ya mkopo, nami bila kufikiri mara mbili nikaenda kununua friji la milango miwili, tena si langu, la mama mkwe, ili aache kusema mwanawe kaoa mtu mwenye mkono mgumu, na mpaka leo friji analo na bado analalamika haligandishi. Nililipalipa mwaka mmoja, kisha mume wangu akapunguzwa kazini, nikaacha, benki wakapiga simu weee mpaka wakachoka, miaka ikapita, nikajua yameisha.

Sasa Jumatano ya wiki iliyopita nimeinamia gauni la mteja, pini mdomoni, akaingia mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi akasema, "Mama, nimekuletea..." nami bila hata kuinua kichwa nikamjibu, "Njoo Ijumaa." Mshauri, ndivyo tunavyowajibu wateja, mdomo umeshazoea. Akasema, "Mama, mimi natoka mahakamani." Nikamwambia, "Basi Ijumaa jioni." Akaniwekea karatasi juu ya cherehani, akanisainisha, akatoka huku anatikisa kichwa.

Kumbe nimeshtakiwa! Na si benki, ni kampuni ambayo sijawahi kuisikia, inasema ililinunua deni langu kama mtu anavyonunua mtumba, na sasa wanataka mara nne ya bei ya friji. Nisipojibu kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja, kesi itaamuliwa bila mimi.

Mume wangu hajui hata kama niliwahi kuwa na kadi, anaamini lile friji nilishinda kwenye bahati nasibu ya sabuni. Nikamuuliza mdogo wake kwa siri, muuza simu ambaye tunamwita Wakili kwa ubishi wake, akasema, "Shemeji, deni la zamani hivyo limeshakufa. Kaa kimya, hakimu mwenyewe ataona tarehe, atalitupa." Huku nako dada mmoja wa ile kampuni ananipigia kila siku, sauti laini kama mtangazaji: "Mpenzi, tuma kidogo tu, hata hela ya vifungo, tuone una nia njema." Nami nimeanza kumwelewa, kwa sababu hata mimi mteja akiniachia advansi moyo hutulia.

Mshauri, cherehani yangu ya umeme ndiyo inayolisha watoto watatu, wakiichukua nimekwisha. Nimsikilize shemeji au nimtumie yule dada? Na tena hela si nilikopa kweli, nisipolipa si nitakuwa mwizi?

Ni mimi,
Fundi Mwenye Presha

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu, pole. Pole sana. Sasa pole zimeisha, kaa nikugombeze.

Mjumbe wa mahakama unamwambia aje Ijumaa? Haya, na mimi je? Barua yako ilipofika nilikupigia mara tatu kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Mara ya tatu ukapokea, ukasema, "Dada, sina hela, niache," ukakata. Ndiyo maana nakujibu hapa gazetini, watu wote wakisikia.

Nimemuuliza mwanasheria, asiyeuza simu. Shemeji yako kasema nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayokumaliza. Ni kweli sheria huweka ukomo: miaka kadhaa ikipita tangu uache kulipa, mdai hawezi kukushinda mahakamani kwa deni hilo. Lakini hakimu hakusemei. Usipojibu, kampuni itashinda kwa kuwa imesimama peke yake, na dalali wa mahakama atakuja kuibeba hiyo cherehani. Kwamba muda umepita, lazima useme wewe, kwa maandishi.

Na huyo mwenye sauti laini, usimtumie hata senti. Wewe si unajua advansi? Mteja aliyepotea miaka akirudi, ukapokea advansi yake, oda imeanza upya. Ndicho anachokitafuta. Sehemu nyingi, ukilipa kidogo tu, au ukiandika ujumbe kwamba utalipa, miaka inaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Akipiga, mwambie mtaonana mahakamani, ukate. Kukata simu najua unaweza.

Mwizi? Acha hizo. Ulikopa, ukalipa ulipoweza, ukakwama. Lakini usije ukaandika eti hukuwahi kuwa na kadi, huo sasa ni uongo na utakufunga. Andika ukweli: mara ya mwisho ulilipa lini, kwamba muda umepita, na kwamba hao watu waonyeshe mkataba na ushahidi kuwa deni walilinunua. Dhamiri ikikusumbua baadaye, kesi ikiisha, utalipa kwa hiari yako, si kwa kutishwa.

Mumeo mwambie leo. Atanuna. Lakini afadhali anune leo akiwa upande wako kuliko asikie habari kwa dalali.

Sasa nisikilize vizuri. Karatasi ulipewa Jumatano, barua yako ikakaa njiani, na gazeti letu hutoka Jumamosi tu. Nimehesabu: siku yako ya mwisho ni Jumatano hii inayokuja. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe ofisi ya msaada wa kisheria, ukiwa na karatasi zote na taarifa ya benki kama unayo. Hesabu nao miaka, maana haiko sawa kila nchi. Utetezi wako ukishaandikwa, upeleke masjala ya mahakama, nakala yako igongwe muhuri mbele ya macho yako, na siku ya kesi uende mwenyewe.

Funga duka. Wateja watakaokuta kufuli watakutukana. Waache watukane. Wakirudi wiki ijayo watakukuta bado una cherehani.