Figa la Tatu

Jumamosi, 3 Mei
Nimebadilisha maji ya chura. Maji ya bomba yalilala kwenye ndoo tangu jana, dawa imeshapungua. Nimenawa bila sabuni, nikasuuza tena. Ngozi yake inanywa kila kitu. Sabuni, jasho, chumvi. Chumvi ndiyo mbaya kuliko vyote. Nilimwomba Mama Doto, mwenye nyumba, asimwage maji ya dagaa karibu na mlango wangu. Alisema amesikia. Sidhani.

Amekula nyenje wawili na kipanya kilichonaswa stoo. Hana shukrani. Anameza, anafumba macho.

Doto, binti wa mwenye nyumba, anamwita chura Mheshimiwa. Anakaa, anakula, hasemi kitu. Mama yake hataki hata kumwona, akipita mlangoni kwangu anageuza shingo. Kwake chura ndani ya nyumba si mgeni mzuri. Mwaka wa tatu huu nimepanga hapa Bariadi, na ni jambo pekee tunalotofautiana.

Jumatano, 21 Mei
Chura hali chakula. Nyenje wanamtembelea mgongoni, anawatazama tu. Mvua zimekatika. Sijashtuka. Wenzake huko mbugani nao wanaingia ardhini.

Nimeazima beseni la bati la Mama Doto, nikajaza udongo mweusi wa mbugani, nikaulowesha, nikamweka juu. Amechimba kwa miguu ya nyuma, kinyumenyume, kama mtu anayetoka kikaoni bila kuaga. Jioni haonekani tena. Hatahitaji chakula wala maji mpaka mvua zirudi. Kazi yangu sasa ni kumwacha. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 22 Juni
Udongo umekauka mpaka umejiachia kwenye kingo za beseni. Doto aliuliza Mheshimiwa yuko wapi. Nikamwambia yuko likizo. Mama yake alisikia, akasema afadhali. Sikueleza zaidi. Uvivu.

Kesho naenda Mwandoya, chanjo ya ng'ombe. Beseni nimeliacha kivulini, nyuma ya jiko.

Ijumaa, 11 Julai
Nimerudi nikakuta ua umejaa wanawake. Kuta zimesilibwa upya. Kesho wakwe wa Doto wanaleta ng'ombe wa mahari.

Beseni limejaa mchele.

Nikauliza udongo uko wapi. Mama Doto alikuwa na furaha, akanionyesha kwa kidevu. "Lile donge lako? Limetoka zima, baba, gumu kama la kichuguu. Nimepata figa la tatu."

Huku mafiga wanachonga kwenye kichuguu. Mawili alikuwa nayo. La tatu akalipata kwenye beseni lake mwenyewe. Yote matatu kayapaka udongo na majivu, huwezi kuyatofautisha. Juu yake chungu cha maharage. Chini moto.

Nilitaka kucheka. Halafu nikaogopa.

Kung'oa figa chini ya chungu, kwa Mama Doto, ni kubomoa nyumba ya binti. Na leo ndiyo siku yenyewe ya kutofanya hivyo. Nilifikiria kunyamaza. Chura ni chura. Kisha nikamwita pembeni nikamwambia.

Alitazama moto. Akatazama wanawake.

"Yuko hai?"

Nikasema nilipomwacha alikuwa hai.

"Kwa hiyo niwapokee watu na mafiga mawili."

Niliona aibu mpaka masikioni.

Aliepua chungu mwenyewe. Akalisukuma nje kwa mti figa la upande wa mlango, yeye alijua ndilo. Wanawake waliacha kuchambua mchele. Akawaambia limepasuka. Halikuwa limepasuka. Upande mmoja ulikuwa wa moto, mkono haukai.

Nimempa tofali la saruji ninaloegeshea pikipiki. Lilikuwa refu kuliko wenzake. Chungu kikainama.

Jumamosi, 12 Julai
Ng'ombe wamefika. Vigelegele. Wali umeiva upande mmoja, upande wa pili mchele. Mjomba wa bwana harusi akauliza hili figa la saruji limetoka wapi.

"La kisasa hilo, baba," Mama Doto akasema. Wakacheka wote, mambo yakaendelea. Mimi sikucheka. Alidanganya mara mbili kwa ajili ya kitu asichotaka kukiona.

Donge liko chini ya kitanda changu. Nikilipasua kumwangalia, nitamuua. Nisipolipasua, sitajua.

Jumanne, 9 Septemba
Doto yuko kwa mumewe, Lagangabilili. Ua uko kimya. Mama Doto bado anapikia tofali la saruji. Vichuguu vimejaa kila mahali, hajaenda kuchonga jingine.

Kila asubuhi ananisalimia, mwangaluka, kisha: "Na yule?" Kila asubuhi nasema sijui. Inaniudhi. Leo nilimjibu vibaya. Aliendelea kufagia.

Nadhani amekufa. Ni bora niandike.

Alhamisi, 6 Novemba
Mvua. Ya kweli, ya kujaza mitaro. Kabla sijavaa viatu Mama Doto alishaleta beseni, amelisugua kwa mchanga tu. Nililiweka donge ndani yake, nikalipeleka beseni nyuma ya jiko, mvua ilinyeshee. Linayeyuka polepole. Upande uliokuwa motoni umekuwa mwekundu kama kigae, hauyeyuki.

Ijumaa, 7 Novemba
Matope tu. Mama Doto amepita nyuma ya jiko mara nyingi kuliko kazi alizonazo huko. Nikamwambia achukue beseni lake lifanye kazi.

"Liache."

Jumapili, 9 Novemba
Asubuhi kulikuwa na macho mawili juu ya maji.

Amekonda, kichwa kimebaki kikubwa kuliko mwili. Ngozi kavu aliyojifunika akilala inambanduka, anaivuta mdomoni anaila. Mguu wa nyuma wa kulia haukunjuki. Huo ndio uliokuwa upande wa moto. Nilikaa kwenye matope na suruali ya kanisani. Nikalia kidogo. Sikutarajia.

Kanisani sikwenda. Mama Doto alikwenda, akarudi, akaja moja kwa moja nyuma ya jiko na mfuniko wa sufuria. Kumbikumbi wa jana, amewatoa mabawa. Alichuchumaa, akamtazama. Shingo hakugeuza. Alimtazama muda mrefu, hasa ule mguu.

"Atatembea?"

Nikasema atachechemea.

Jikoni kumbikumbi wengine walikuwa wanakaangwa, nilisikia harufu. Akausogeza mfuniko kwenye ukingo wa beseni.

"Hawa sijawatia chumvi," akasema.