Picha Zako Zilizojaza Mashine

Baba Apiyo,

Leo nimekuzima kwa mkono wangu. Kabla hujanikasirikia huko uliko, keti nikueleze.

Tangu tukuzike, kompyuta ya zahanati uliyonifundisha kuitunza ilianza kuzubaa. Ukibonyeza jina la mgonjwa, unangoja mpaka chai inapoa. Kina mama kutoka Sondu walikuwa wanarudi nyumbani bila majibu ya damu ya watoto wao. Juzi Matron akanishika mkono: "Akoth, hii mashine imezeeka. Ijumaa inaenda kwa watu wa vyuma chakavu, turudi kwa karatasi." Nililia chooni, Mzee, sitakuficha.

Kalenda yako bado iko ukutani. Kila asubuhi kabla ya uji ulifungua ile skrini nyeusi, ukaandika pidstat -r 5, amri ya kuona kila programu inavyotumia memori, kisha ukanakili kwa penseli namba ya safu ya majflt. Nilikutania kwamba unaipima kompyuta presha. Unakumbuka wiki yangu ya kwanza? Niliona namba kubwa kwenye safu ya minflt, nikashtuka, nikazima mashine foleni ikiwa imefika mlangoni. Ulicheka hadi ukavua miwani. Ukanieleza habari za mama muuza samaki: minflt ni samaki aliye kwenye beseni mbele yake, yaani memori, ananyoosha mkono tu, majflt ni kuinuka kwenda mpaka kwenye friza nyumbani, yaani diski, mteja amesimama. "Nyathina, mwanangu, hesabu safari za friza," ulisema.

Namba kwenye kalenda zinaishia siku uliyolazwa. Hakuna aliyeandika tena, hata mimi. Leo asubuhi niliona haya, nikakaa kwenye kiti chako, nikaandika ile amri. Programu ya maabara ilikuwa inakwenda friza zaidi ya mara mia kila sekunde. Ulinifundisha kwamba inayolalamika huenda haina kosa, kwa hiyo nikatazama safu ya memori nione nani amejaza beseni.

Ulikuwa wewe.

Siku ya maombi tulionyesha picha zako kwenye skrini ya wagonjwa, na ni mimi niliyezipanga kwenye mashine hiyo. Watu walipotawanyika nilichomoa waya wa skrini, lakini programu ya picha sikuifunga. Nilishindwa. Nikajiambia haimsumbui mtu. Kumbe muda wote huo ulikuwa unazunguka humo ndani, na ile kofia yako ya harusi ya Apiyo, ukijaza nafasi ya wagonjwa wako mwenyewe. Ungejigombeza vizuri sana.

Niliweka picha zote kwenye flashi ya Apiyo. Kisha nikaandika kill, amri ya kuzima, na namba ya ile programu. Kidole kilikaa juu ya Enter muda mrefu, machozi yakinitoka. Nikabonyeza.

Majibu ya mtoto wa kwanza yalitoka kabla mama yake hajakaa. Matron alisimama mlangoni, akatazama wa pili, wa tatu, akasema tu, "Basi wacha ikae."

Penseli yako ilikuwa kwenye droo, ina alama za meno yako. Nimerudia ile amri, nikaandika sifuri kwenye tarehe ya leo. Kesho kabla ya uji nitaandika tena, na kila asubuhi baada ya hapo, mpaka nipate mtu wa kumweleza habari za friza.

Pumzika sasa, Mzee. Foleni inasonga.

Akoth wako