Foku ya Akinyi

Jumanne

Na bado alikuwa anatabasamu, yule muuzaji wa baiskeli pale Migori! Nilimwekea mezani foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imekatika vipande viwili. Nikamwambia kwamba Akinyi, mwenzangu wa mazoezi, alianguka nayo akiteremka kilima cha Asumbi, na bega limevunjika.

"Dada, hii ni baiskeli ya mashindano," akasema. "Ni nyepesi ndiyo iende mbio. Haikutengenezwa idumu."

"Kwa hivyo sisi tunashindana wapi, hewani?"

Akacheka. Mjinga. Anauzia watu kasi, mifupa watajijua. Na ukutani kwake ameandika "IMARA KABISA", kwa rangi nyekundu.

Jioni nikapitia kwa Akinyi. Hakuuliza habari za muuzaji. Aliuliza tu, "Na yako?"

Yangu ni aina ile ile. Nimeipapasa foku yote kwa kidole, sijaona ufa. Lakini hata yake hatukuwahi kuona ufa.

Jumapili ni mashindano ya Homa Bay. Nimejaribu kujiambia nitapanda baiskeli nzito ya baba. Uongo mtupu. Kwa ile sitamshinda mtu yeyote, na mimi nataka kushinda.

Namdharau yule muuzaji, halafu nitapanda alichoniuzia.