Mgomba wa Dadi

Matombo, Uluguru, 1915

Dada Mwaisha, shikamoo. Huku tunapumua, ila nguruwe wamemaliza mihogo.

Habari ilipokuja kwamba meli ya mizigo alimokuwa akichochea makaa mume wangu Dadi imezamishwa vitani, hapakuwa na mwili. Wazee wakazika mgomba badala yake, wakausomea dua kama maiti. Nikakaa eda.

Mvua zimenyesha, na kaburi limechipua. Mama mkwe akanivua kaniki ya msiba. "Mwanangu yu hai!" Nikamjibu kwa ukali kwamba mgomba ulizikwa na mizizi yake, lazima uote. Tangu hapo hali chakula changu.

Nilitaka uje unichukue. Lakini jana mbuzi alilisogelea chipukizi lile, nikamfukuza kwa mawe huku nalia. Basi usije kwanza.

Mdogo wako,
Pili